Tangi la roketi lililokwisha kazi: jinsi ya kupanga kuligeuza ngao na waya hukohuko angani

Hakuna kipande kilichoingia kwenye tanuru la baba bila kupita mikononi mwake. Alikigonga, akakigeuza, akakinusa. Karakana yetu ilikuwa uani, Dar es Salaam, na kazi ilikuwa kuyeyusha alumini chakavu na kusubu sufuria na mifuniko. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili, kijana mmoja wa kazi alitupia shokapu ya pikipiki motoni bila kuitoboa. Ndani mlikuwa na mafuta. Ililipuka, chungu kikapasuka, alumini ikatiririka mpaka kizingitini. Alhamdulillahi hakuna aliyeungua. Kesho yake baba aliweka meza mlangoni, na tangu siku hiyo kila kitu kilipita mezani kwanza.

Siku hizi nafundisha metali chuoni, na kila mwaka nawapa wanafunzi wangu zoezi moja: chagua roketi moja iliyokufa angani, kisha uniandikie mpango wa kuichakata hukohuko iliko, bila kuishusha. Maelekezo ninayowapa ndiyo haya. Ni kazi ya kalamu, daftari na majaribio madogo ya mezani, lakini inafuata njia ileile atakayofuata mtu siku atakapoifanya kweli. Nayaandika kwa Kiswahili kwa sababu maneno ya kazi hii tunayo tangu kale: kusubu, kalibu, mvukuto, mavi ya chuma.

Swali la kwanza wanaloniuliza ni kwa nini tusiiache ianguke iungue. Kwanza, haiungui yote. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha karibu mita mbili na nusu na uzito wa karibu kilo 500 ilianguka katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, Kenya. Pili, kinachoungua hakipotei. Mwaka 2023 watafiti waliochota hewa ya stratosfia kwa ndege walitangaza kwamba karibu asilimia 10 ya chembe za asidi ya salfa huko juu zilikuwa na alumini na metali nyingine zilizotoka kwenye setilaiti na roketi zilizoungua. Na tatu, ambalo mimi kama msubu linanikera kuliko yote: ile ni alumini safi ya daraja la juu, imeshalipiwa nauli ya kupanda, nasi tunaigeuza moshi.

Kuchagua mzigo

Achana na vipande vidogo. Shirika la Anga la Ulaya linakadiria kuwa vipande vya kati ya sentimita 1 na 10 vinavyoizunguka Dunia vinazidi milioni moja. Vingi vimetokana na ajali na milipuko: setilaiti ya China, Fengyun-1C, iliyopigwa kwa kombora Januari 2007, au Iridium 33 na Kosmos 2251 zilizogongana tarehe 10 Februari 2009 juu ya Siberia. Kila kimoja kinakwenda zaidi ya kilomita saba kwa sekunde, na kila kimoja kina njia yake. Ukikimbizana navyo utamaliza mafuta kabla hujajaza kikapu.

Kilo ziko kwenye vitu vikubwa. Mwanafunzi akifungua orodha za vitu vilivyoko angani hukimbilia vipande vya juu vya roketi za Zenit, na namwelewa. Kimoja kina karibu tani 9, na vingi vyao viko pamoja kwenye mwinuko wa kilomita 840 hivi. Wataalamu waliopanga vitu hatari zaidi angani mwaka 2020 waliviweka juu kabisa ya orodha. Lakini kabla hujaanza kuhesabu tani, uliza: ni vya nani?

Hapa wengi hukwama, kwa kuwa wamezoea sheria za bahari, ambako mwenye kuokoa chombo kilichotelekezwa ana haki ya kudai ujira wake. Angani hakuna hiyo. Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967, kifungu cha 8, unasema kitu kilichorushwa hubaki chini ya mamlaka ya nchi iliyokisajili, na umiliki wake haubadiliki kwa kuwa kiko angani. Kikiwa kimekufa miaka arobaini bado kina mwenyewe. Na chini ya mkataba wa mwaka 1972 kuhusu dhima, ukikigusa kikavunjika na vipande vikaumiza setilaiti ya mwingine, nchi iliyokurusha wewe inaweza kudaiwa. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza wa mpango uwe na jina la nchi mwenye mali na namna utakavyopata ridhaa yake kwa maandishi. Mpango usio na ukurasa huo naurudisha bila kuusoma zaidi. Baba naye hakununua nyaya za shaba kutoka kwa mtu asiyeweza kusema amezitoa wapi.

Kuna vingine havifai hata kwa ridhaa. Umoja wa Kisovyeti uliacha setilaiti za rada zilizotumia vinu vidogo vya urani, na nyingi bado ziko juu, kwenye kilomita 900 na zaidi. Mojawapo, Kosmos 954, haikufanikiwa kupandishwa huko, ikaanguka Canada Januari 1978 na kumwaga mabaki yenye mnunurisho juu ya theluji. Hizo ndizo shokapu zenyewe. Ziache.

Mfano ninaoutumia darasani ni kipande cha juu cha roketi ya Japani ya H-IIA kilichoibeba setilaiti ya GOSAT Januari 2009. Kina urefu wa karibu mita 11, upana wa mita 4 na uzito wa karibu tani 3. Nimekichagua kwa sababu mbili. Mwenyewe anajulikana na anataka kiondolewe: shirika la anga la Japani, JAXA, ndilo lililoipa kampuni ya Astroscale kazi ya kukichunguza. Na kimeshatembelewa. Chombo kiitwacho ADRAS-J kilirushwa Februari 2024, kikakizunguka, kikakipiga picha, na kabla mwaka haujaisha kilikuwa kimekisogelea mpaka mita 15. Ni nadra sana kwa skrepa ya angani kuwa na picha zake.

Nauli ya kwenda upande

Sehemu hii ni fupi, lakini ndiyo inayoua mipango mingi. Angani, kwenda juu na chini ni rahisi kuliko kugeuza mlalo wa njia, yaani upande ambao duara la mzunguko limelalia. Kwenye kilomita 600, kugeuza mlalo kwa digrii 1 tu kunataka badiliko la kasi la karibu mita 132 kwa sekunde. Badiliko hilo linakaribia kutosha kukishusha kitu hicho mpaka kiingie kwenye hewa nzito. Digrii 10 zinataka zaidi ya mita 1,300. Kwa hiyo usipange kiwanda kimoja kinachozunguka kukusanya taka za kila aina. Kiweke kiwanda kwenye mlalo wa mzigo wako, na kama unataka mizigo mingi, chagua inayoishi mtaa mmoja. Andika mlalo wa kila mzigo pembeni ya jina lake, kisha futa yote inayotofautiana kwa zaidi ya digrii moja au mbili. Inauma, lakini futa.

Kuangalia na kutuliza

Kitu kilichokufa huwa kinabingirika. Mkono wa roboti ukikamata kitu cha tani 3 kinachozunguka, kitakachovunjika ni mkono. Panga siku za kukitazama kutoka mbali kabla ya siku ya kukigusa, na useme utakishika wapi. Kwenye H-IIA yetu kuna pete ya juu, pale setilaiti ilipokuwa imefungwa. Ni imara, na picha za ADRAS-J hazikuonyesha uharibifu mkubwa hapo.

Kama kinazunguka, alumini yenyewe itakusaidia. Fanya jaribio hili mezani: toa sumaku kali kwenye diski kuu (hard disk) ya kompyuta iliyokufa, weka bamba nene la alumini kwa mwinamo, kisha iachie sumaku iteleze. Alumini haishikwi na sumaku, lakini utaona sumaku inashuka polepole kama imepakwa asali. Sumaku inapopita, umeme mdogo huzaliwa ndani ya bamba, na umeme huo huvuta nyuma. Chombo chenye sumaku kikisogezwa karibu na tangi linalozunguka kinaweza kulipunguza mwendo vivyo hivyo bila kuligusa. Pima muda wa sumaku kushuka kwenye bamba jembamba na kwenye bamba nene, uandike. Tangi la roketi ni jembamba, kwa hiyo subira itahitajika.

Meza ya baba

Kabla ya kukata, jua ni nini kimefungwa ndani. Mitungi ya gesi, mabaki ya mafuta, betri. Roketi nyingi zilizopasuka angani miaka baada ya kazi yao kwisha zilipasuliwa na vitu hivyo. Orodhesha kila chombo kilichofungwa na useme utakitoboa vipi, kwa tundu dogo, polepole, ukijua gesi inayotoka itasukuma mzigo upande wa pili kama injini.

Kisha tenganisha aloi. Alumini si moja. Hata kopo la soda lina mbili: mwili una manganizi na magnesi kidogo, mfuniko una magnesi zaidi ya asilimia nne. Nawafundisha kipimo cha kostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni. Vaa glovu na miwani, fanya nje, mbali na moto, kwa sababu gesi inayotoka ni haidrojeni. Kwangua mahali kidogo mpaka pang'ae, dondosha tone la mchanganyiko, subiri dakika chache, suuza. Aloi zenye shaba au zinki nyingi zinaacha doa jeusi. Zile za magnesi, au alumini iliyo karibu na usafi, zinabaki nyeupe. Angani hutadondosha matone; utachoma nukta ndogo kwa leza na kusoma rangi za cheche, maana kila elementi ina rangi zake. Swali ni lilelile la mezani: hiki kinakwenda kwenye rundo gani?

Usisahau ngozi. Tangi la haidrojeni la H-IIA limefunikwa povu la kuzuia joto. Povu hilo likiingia tanuruni litatoa mvuke, na kwenye ombwe, yaani mahali pasipo hewa, mvuke haupandi ukaenda zake. Unakwenda moja kwa moja kujibandika kwenye kitu baridi kilicho mbele yake: kioo chako cha kukusanyia jua, kamera yako, paneli zako za sola. Povu libanduliwe kwanza na lifungiwe kwenye mfuko.

Kukata bila chenga

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu na wanafunzi, kwa sababu fundi yeyote aliyekulia duniani amezoea kukata kisha kufagia. Grainda inarusha cheche, msumeno unamwaga unga, na jioni mtu anashika ufagio. Angani kila punje ya unga ule ni kitu kipya kwenye obiti chenye mwendo wa risasi mara kadhaa. Mtu aliyekwenda kusafisha anaweza kuacha taka nyingi kuliko alizozikuta.

Kwa hiyo naomba kila mpango useme, kwa kila mkato, chenga zinakwenda wapi. Njia ninazozikubali ni chache. Mkasi unakata bila kutoa unga kama bamba ni jembamba, na matangi ya roketi ni membamba. Njia nyingine ilijaribiwa kweli: Mei 2022 kampuni ya Nanoracks ilirusha sanduku dogo lenye mkono wa roboti, na ndani yake ncha inayozunguka kwa kasi sana ikakata sampuli ya chuma kisichoshika kutu huko angani. Ncha ile inasugua mpaka chuma kinalainika na kufunguka, badala ya kumegwa vipande. Mkato mmoja ulifanyika, ndani ya boksi lililofungwa. Naupenda kwa sababu waliuliza swali la ufagio kabla ya kuanza.

Miale ya elektroni nayo ina historia ndefu. Oktoba 1969 mwanaanga wa Kisovyeti Valery Kubasov aliunganisha metali kwa kifaa cha Vulkan ndani ya chombo cha Soyuz 6, na Julai 1984 mwenzake Svetlana Savitskaya alitoka nje ya kituo cha Salyut 7 akiwa na kifaa cha mkononi, akakata, akaunganisha, akalehemu na kupaka metali. Mwanamke mmoja, ndani ya suti ya anga, na mwale unaoyeyusha chuma mkononi mwake. Picha yake iko ukutani kwenye karakana yangu. Lakini mwale unatoa matone, na matone yakiganda ni risasi. Ukiuchagua, chora na kava la kuyazuia.

Moto

Hesabu ya moto inawashangaza kwa udogo wake. Kupasha kilo 1 ya alumini kutoka joto la kawaida hadi nyuzi 660 na kuiyeyusha kunataka karibu kilojuli 1,000, yaani uniti 0.3 za umeme wa LUKU (uniti moja ni kilowati 1 kwa saa moja). Kutoa kilo hiyohiyo kwenye madini kunataka uniti 14 hivi, bila kuhesabu nauli ya roketi. Jua la angani linaleta wati 1,361 kwa kila mita ya mraba. Kioo cha mita moja ya mraba, kama hakingepoteza kitu, kingeyeyusha kilo moja kwa dakika kumi na mbili.

Tuseme kutoka kwenye ile H-IIA unapata tani 1 ya alumini safi (hii ni namba ya zoezi, nawe tafuta yako). Uniti 300. Chukulia nusu ya moto inapotea: uniti 600. Tanuru la kilowati 2 litahitaji saa 300 za mwanga. Lakini kwenye kilomita 600 mzunguko mmoja ni dakika 97 hivi, na dakika kama 35 kati ya hizo unaweza kuwa kivulini. Kazi inafika siku 20. Hakikisha mpango wako unasema metali inafanya nini wakati wa giza: inaganda na kuyeyushwa upya, au betri zinailinda? Nusu ya darasa husahau usiku unaokuja mara kumi na tano kwa siku.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba huko hakuna chini. Karakanani, mapovu hupanda yenyewe, takataka huelea au kuzama, nawe unaengua kwa kijiko. Metali unaimimina na inakwenda. Angani mapovu hubaki katikati ya metali kama hamira kwenye andazi, na metali iliyoyeyuka hujikunja kuwa duara na kung'ang'ania chungu. Dawa ninayopendekeza ni kuzungusha. Chungu kilicho nusu mita kutoka kitovu, kikizunguka mara moja kwa sekunde, kinapata uzito kama mara mbili ya tuliouzoea. Fanya jaribio: chupa ndogo ya maji na mafuta ya kula, itikise mpaka vichanganyike, ifunge imara kwenye spoku za gurudumu la baiskeli, zungusha. Mafuta yatakimbilia upande wa kitovu. Kwenye chungu, mapovu yatafanya hivyo, na magamba ya oksidi, ambayo ni mazito kuliko alumini ya maji, yatasukumwa nje. Weka gurudumu la pili linalozunguka kinyume, la sivyo kiwanda kizima kitageuka.

Na usiyeyushe kwenye ombwe wazi. Zinki na magnesi huvukiza haraka kwenye ombwe, kwa hiyo aloi inabadilika mikononi mwako na mvuke unapaka vioo. Tanuru lifungwe, liwekewe gesi ya agoni kidogo, ambayo haiungani na metali.

Sasa neno langu mwenyewe, ambalo wenzangu wengine hawalikubali: yeyusha kidogo iwezekanavyo. Bamba la tangi lililonyooshwa tayari ni bamba. Vipande vya ukubwa wa kati vinaweza kupashwa mpaka nyuzi 450 hivi, vikiwa bado vigumu, na kukamuliwa kupitia tundu kama tambi za futari kwenye mashine ya mkono. Viwanda vya madirisha ya alumini hufanya hivyo kila siku. Tanuru libaki la mabaki tu.

Cha kutengeneza kwanza

Wanafunzi huandika darubini, vituo na mashamba ya sola. Mimi nawarudisha kwenye ngao. Tangu mwanaastronomia Fred Whipple alipotoa wazo hilo mwaka 1947, tunajua kwamba bamba jembamba lililowekwa mbali kidogo na ukuta hupasua kinachokuja kabla hakijafika ndani. Kituo cha Kimataifa cha Anga kina ngao za namna hiyo za alumini. Ngao haihitaji aloi safi kabisa, na mteja yuko palepale, kwa sababu taka zilizobaki ndizo zinazomtisha.

Baada ya ngao, waya. Mwaka 2024 printa ya metali ya Shirika la Anga la Ulaya, iliyotengenezwa na Airbus, ilichapa vipande vya kwanza vya chuma ndani ya kituo kwa kuyeyusha waya wa chuma kisichoshika kutu kwa leza. Waya ulipelekwa kutoka duniani. Mtu akiweza kuutoa kwenye tangi la zamani, printa haitajali ulikotoka, mradi unene wake usibadilike. Halafu kuna kampuni ya Australia, Neumann Space, yenye injini inayotumia fimbo ya metali kama mafuta. Metali chafu isiyofaa ngao wala waya inaweza kuishia kuwa nauli ya kwenda kwenye mzigo unaofuata.

Daftari la kilo

Ukurasa wa mwisho una safu mbili. Kushoto andika kilo zote zilizofika: tangi, injini, povu, nyaya, mabaki ya mafuta. Kulia andika ziliko sasa: ngao, waya, mavi ya chuma ndani ya pipa, povu mfukoni, mvuke ulioganda kwenye vichujio. Jumlisha pande zote. Mwaka jana binti mmoja aliniletea mpango mzuri kuliko yote, michoro imechorwa kwa mkono, na upande wa kulia ulipungua kilo 11. Nilimuuliza ziko wapi. Alirudi baada ya siku tatu na mchoro mpya wa kava la mkasi.